Mbili ya Mama Gladness

Mimi ni mtu wa kelele, na naomba msinihukumu kabla hamjakiona chumba ninachofundishia. Kiko Njoro, hapa Moshi mjini, nyuma ya mashine ya kusaga, na ukuta mmoja tunachangia na mashine. Ikiwaka, nisipopaza sauti hata mwanafunzi wa benchi la mbele anaona midomo tu. Koo limeshazoea. Siku umeme ukikatika nabaki nafoka peke yangu huku mtaa mzima umenyamaza, na wapita njia wanachungulia dirishani kuona nani anapigwa. Mke wangu, Mwamvita, anasema hata mezani naomba chumvi kama mtu anayeita zimamoto. Basi ndiyo hivyo. Jina langu Hafidhi, nafundisha hesabu watu walioifeli hesabu na wanataka kurudia mtihani wa kidato cha nne. Ukitaka kujua hasira ni kitu gani, ifanye kazi hiyo.

Lakini leo sijisemi mimi. Nataka kuwasimulia habari za Elinipendo, mama mmoja wa Mwika, huko juu Kilimanjaro, ambaye darasani tulimwita Mama Gladness kwa jina la binti yake. Wallahi, katika maisha yangu ya chaki hakuna mtu aliyenitoa jasho kama yeye, na hakuna niliyempenda kama yeye.

Alikuja Jumamosi moja asubuhi, ametoka kukamua, buti za mpira bado zina tope la huko juu. Wanafunzi wangu wote ni vijana. Walipomwona mlangoni wakainuka, wakamwamkia shikamoo, wakidhani ni mzazi kaja kumuulizia mtoto wake. Akaitikia marahaba vizuri tu, akapita katikati yao, akakaa benchi la mbele kabisa.

"Mama," nikamwambia, "mwanao ni yupi hapa?"

"Mtoto mwenyewe ni mimi, Mwalimu," akasema. "Endelea tu, usinijali."

Darasa likaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote. Ndivyo alivyo. Mrefu, mabega mapana ya kubeba majani, na kicheko kinachomtangulia mwenyewe njiani.

Tulipomaliza nikamuuliza anatafuta nini kwenye hesabu, mama mzima mwenye nyumba na mifugo. Akanieleza. Kule kwao ng'ombe hawatembei kuchunga, wanakaa bandani, katikati ya migomba na kahawa, wanaletewa majani. Dume hakuna. Ng'ombe akipata joto unampigia simu bwana mifugo, aje na mbegu zake kwenye mtungi, ampandishe kwa mrija. Sasa bwana mifugo ni mmoja na ng'ombe ni wa vijiji vizima. Joto la ng'ombe hata siku moja halimalizi. Mtu anakuja kesho yake jioni, ameshachelewa, mnaanza upya kusubiri. Ng'ombe wake mmoja, anaitwa Faida, alikaa karibu mwaka mzima bila mimba kwa sababu hiyo, maziwa yakakauka, na watoto wakanywa chai ya rangi kwenye nyumba yenye ng'ombe.

"Nimechoka, Mwalimu," akasema, "nimechoka kumbembeleza mwanamume kwenye simu kwa niaba ya ng'ombe. Nataka mrija niushike mimi."

Alikuwa ameshakwenda kwenye chuo cha mifugo. Wakatazama cheti chake cha zamani: baiolojia ipo, kemia ipo, kiswahili ndiyo usiseme. Hesabu, F. Akarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, akaletewa F nyingine, mpya kabisa. Chuo kikamwambia, mama, nafasi tutakuwekea mpaka msimu ujao wa kuingia, ukija bila hesabu tunampa mwingine. Kwa hiyo alikuwa amebakiwa na mtihani mmoja tu, wa Novemba. Mumewe, Godbless, ambaye ni mpagazi wa kupandisha mizigo ya watalii mlimani, alikuwa amekubali kukata majani ya ng'ombe kila Jumamosi asiyokuwa mlimani, ili mkewe ashuke Moshi kusoma.

Tukaanza. Tulipita namba, sehemu, asilimia, hakuna shida. Anafuga, anauza maziwa, hayo yote anayo kidoleni. Tukaingia aljebra. Hapo ndipo tulipojuana.

Wasiojua aljebra niwaambie kidogo, haiumi. Unapewa kitu kirefu kama 2x² + 10x + 12, unaambiwa ukivunje kiwe vipande, ambavyo ukivizidisha tena vinarudi kuwa kitu kilekile. Vipande hivyo ndivyo vigawo. Njia za kuvunja ziko kadhaa, na kazi ya mwanafunzi ni kutazama mgonjwa kabla ya kuchagua dawa. Kuna njia ya kuvunja katikati: unatafuta namba mbili ambazo ukizizidisha unapata ile ya mwisho, na ukizijumlisha unapata ile ya katikati. Kuna ya makundi, pale vitu vinapokuwa vinne. Kuna ya tofauti ya miraba miwili, kama x² − 49, ambayo inavunjika kuwa (x − 7)(x + 7). Na kuna kanuni ndefu, ile ya kuandika mstari mzima na kipeuo juu yake, ambayo mimi nawaambia waitumie wakishakwama kote, kwa sababu vijana wanaipenda kwa uvivu.

Elinipendo alizipokea zote kama mtu anayepokea ndama. Kila moja akaipa jina. Ile ya makundi aliiita kupanga wageni, wa bwana huku, wa bibi kule. Tofauti ya miraba akaiita mapacha. "Hawa ni mapacha, Mwalimu, sura moja, ila mmoja anajumlisha na mwenzake anatoa, hawapatani." Akiiona ubaoni anapiga kelele, "Mapacha hao!" na vijana wakashika, darasa zima likawa linaita mapacha. Nikajaribu kuwarekebisha, nikashindwa, sasa hata mimi nasema mapacha. Na ile ya kuvunja katikati ndiyo aliyoipenda kufa. Ya mwisho sita, ya katikati tano? Anafumba macho kidogo. "Mbili na tatu! Zikizidishwa sita, zikijumlishwa tano. Wameoana hao!"

Sasa tatizo. Kabla ya njia zote hizo kuna hatua ya kwanza, nyepesi kuliko zote, ya kutazama kama kuna namba inayowagawa wote. Kwenye 2x² + 10x + 12, mbili inaingia kwa kila mmoja. Unaitenga, unaiandika mbele, waliobaki unawatia kwenye mabano, halafu unaendelea kuwavunja. Jibu ni 2(x + 2)(x + 3). Mtoto wa kidato cha pili anafanya hiyo huku anatafuna muwa.

Mama Gladness anatenga mbili vizuri. Anavunja kilichobaki vizuri. Halafu anaandika jibu: (x + 2)(x + 3). Mbili haipo.

"Mama Gladness! Mbili imekwenda wapi?"

"Si ya wote ile, Mwalimu? Imeshakwenda kwa mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Imepanda basi la Dar? Irudishe!"

Anacheka, anairudisha, anaandika vizuri. Nampa nyingine, 3x² − 27. Anatenga tatu, anabaki na x² − 9, anaita "mapacha hao!", anaandika (x − 3)(x + 3), anaweka kalamu chini, ananitazama kwa furaha. Tatu haipo. Jamani! Nilivunja chaki. Nikamwambia azidishe tena aone kama inarudi kuwa 3x² − 27. Akazidisha, akapata x² − 9. "Ndiyo," akasema, "ndicho kilichobaki baada ya kutenga. Sawasawa kabisa." Na haki ya Mungu alikuwa hanitanii. Kwake ilikuwa sawasawa.

Mwezi mzima tukaenda hivyo. Nikamwandikia kwa rangi nyekundu. Nikamfanya aandike ile namba ya kwanza kubwa kama mlango. Nyumbani kwake alikuwa anafanya mazoezi kwa mkaa kwenye mbao za banda wakati wa kukamua, na Faida akawa anaramba majibu kwa sababu ya chumvi iliyomwagikia kwenye mbao. Siku moja akanipigia simu kunilalamikia kwamba ng'ombe amekula mabano. Nikamuuliza, na ile namba ya mbele nayo kaila? Akacheka. Hakuwa ameiandika.

Mwanzoni mwa Oktoba nikawapa jaribio la kufanana na mtihani wenyewe. Sehemu ya aljebra ndiyo iliyomwangusha, kila mahali namba ya mbele imepotea, na bila alama hizo hakufika. Nikamrudishia karatasi. Akaitazama muda mrefu. Kisha yule mama wa kicheko akainamisha kichwa kwenye benchi, akalia. Mashine ya jirani ilikuwa imezimwa siku hiyo, kwa hiyo kila mtu alisikia.

"Nikikosa tena, Mwalimu, basi," akasema. "Narudi kwenye simu. Mpaka nizeeke, nabembeleza."

Nikaketi kando yake kwenye benchi. Nikamwambia aende nyumbani akapumzike. Nilivyorudi kwangu sikula vizuri, na Mwamvita akajua kuna jambo kwa sababu niliomba chumvi kwa sauti ya kawaida.

Siku chache baadaye akanipigia simu, sauti imesharudi. Binti yake Gladness alikuwa anapata kipaimara Jumapili, na nyumbani kutakuwa na sherehe. "Mwalimu, uje utuchinjie. Nimealika watu wa Moshi, Waislamu kwa Wakristo, nataka wote wale sahani moja. Na wewe mwenyewe nataka ule ushibe, umekonda kwa ajili yangu."

Huku kwetu hilo ni jambo la kawaida. Familia ya Kilutheri ikiwa na sherehe, inamwita jirani Mwislamu ashike kisu, asiwepo mgeni wa kukaa kando na soda yake. Nikanoa kisu changu. Mwamvita akanishika mkono mlangoni, "Hafidhi, baba, usiende kuwafokea watu kwenye sherehe yao."

Mwika siku ile kulikuwa na jua safi, na harufu ya ndizi zinazochemka ilianzia barabarani. Nikampa shikamoo Babu Elifuraha, baba yake Godbless, mzee mfupi aliyevaa koti la suti na kofia ya sufi, mwenye nyumba yake mwenyewe chini kidogo kwenye kihamba hichohicho, yaani shamba la ukoo. Wanyama walikuwa watatu: mabeberu wawili na kondoo mmoja. Nikasema Bismillahi, nikafanya kazi yangu, nikanawa mikono, nikakaa pembeni kutazama wenyewe wakifanya ya kwao.

Sasa sikilizeni vizuri. Godbless na ndugu zake walipomaliza kuchuna, hawakuanza kukata ovyo. Kwa ukoo wao, kabla mtu yeyote hajagusa chochote, kutoka kwa kila mnyama kinatengwa kidari, ile nyama ya kifuani, ambayo ni ya mkubwa wa nyumba. Beberu wa kwanza, kidari. Beberu wa pili, kidari. Kondoo, kidari. Vyote vitatu Elinipendo akavifunga kwenye jani la mgomba, akampa binti mmoja avipeleke nyumbani kwa Babu, na Babu mwenyewe akaongozana navyo taratibu, mikono nyuma. Kisha ndiyo wakaanza kugawa miguu, mbavu na shingo, hiki cha mjomba, hiki cha shangazi, hiki cha sufuria.

Mimi mtu wa kuuliza. Nikasema, "Mama Gladness, mbona nyama nzuri yote imeondoka?"

Akajibu bila hata kugeuka, anapangusa mikono kwenye khanga, "Hiyo ni ya wote, Mwalimu. Imeshakwenda kwa mwenyewe. Sasa tunagawa kilichobaki."

Nywele zilinisimama! Maneno yaleyale, sauti ileile. Kumbe hakuwa mzembe, wala hakuwa anasahau. Tangu utotoni ameona kwamba kitu kinachotolewa kwa kila mmoja kinatengwa kwanza, kinafungwa kwenye jani, kinakwenda zake, na ni utovu wa adabu kukiulizia tena. Ningemwelezaje kwamba mimi nataka akirudishe? Nikala ndizi zangu kwa nyama, tamu ajabu, huku kichwa kinazunguka kama ile mashine ya kusaga. Nikaacha kisusio, ile supu yao ya damu, nikaletewa soda, nikaendelea kuwaza.

Wakati wa picha ukafika. Mpiga picha, kijana wa mjini mwenye haraka zake, akawapanga mbele ya nyumba: Gladness katikati na gauni jeupe, baba na mama kulia na kushoto, ndugu nyuma. "Haya, tabasamu, moja, mbili..."

"Ngoja!" Elinipendo akapiga kelele. "Babu yuko wapi?"

"Si amekwenda na kidari chake," akajibu mmoja wa mashemeji.

Loo! Mama Gladness akatoka kwenye mstari, mikono kiunoni. "Amekwenda na kidari, ndiyo asiwe baba yetu? Hii ni picha ya nani sasa? Gladness amezaliwa na migomba? Bila Babu hawa ni watu tu wamesimama uani! Mleteni!"

Wakamkimbilia. Babu Elifuraha akaja anatafuna, kipande cha kidari cha kuchoma mkononi, hataki kukiacha nyumbani wala kukishikisha mtu. Wakamwekea kiti mbele kabisa, mbele ya Gladness, mbele ya wote. Akakaa. Elinipendo akarudi mahali pake, akashusha pumzi, akamwambia mpiga picha, "Haya piga. Sasa ni sisi."

Hapo nikasahau maneno ya Mwamvita yote.

"MAMA GLADNESS!" Ilikuwa sauti ya mashine ya kusaga, bila mashine. "MBILI HIYO! MBILI HIYO IMEKAA MBELE!"

Kuku walitawanyika. Mpiga picha akashtuka, akabonyeza, na picha hiyo wanayo mpaka leo ukutani: watu wote wametazama pembeni, na pembeni mimi, mdomo wazi, chupa ya soda juu. Nikawaomba radhi. Nikaokota kijiti, nikachora chini, kwenye udongo, 2(x + 2)(x + 3). Elinipendo akaja akainama, Gladness naye, na nusu ya wageni nyuma yao.

"Hawa wawili kwenye mabano ni nani?"

"Ni sisi, kilichobaki," akasema.

"Na huyu wa mbele?"

Akaitazama ile mbili. Akageuka akamtazama mkwewe kwenye kiti, anatafuna.

"Ametengwa," akasema polepole. "Amepewa chake. Ila... ila hajaondoka. Amekaa mbele."

"Ukimfuta?"

"Ukimfuta, waliobaki si wale ulioanza nao." Akaweka mkono mdomoni. "Mungu wangu, Mwalimu. Siku zote hizi namfukuza Babu!"

Akacheka mpaka akakaa chini na nguo yake ya sherehe. Babu Elifuraha akauliza kuna nini, wanamcheka yeye?

"Baba," akamwambia huku anafuta machozi, "wewe ni mbili."

"Mbili?" Babu akasema. "Mimi ni mmoja, na nimeshiba." Akaendelea kutafuna.

Tangu siku hiyo mambo yakageuka. Akija darasani, akitenga namba, anaiandika mbele na kuiambia kwa sauti, "Babu, kaa." Halafu ndiyo anachagua njia: hawa ni mapacha, hawa wa kupanga kama wageni, hawa wa kuvunja katikati. Akimaliza anarudi kutazama mbele. Vijana wakaanza nao. Fikiria darasa zima la Njoro, mashine inaunguruma ukutani, na watu wazima wanainama juu ya madaftari wanasema "Babu, kaa." Nilikuwa nasimama pale ubaoni nafurahi mpaka naona aibu.

Mtihani ukafika. Alipotoka chumbani akanipigia simu, mimi nimekaa nyumbani nasaga meno.

"Mwalimu, ilikuja! 5x² − 45!"

"Eh! Ukaandika nini?"

"Sikuambii."

"Mama Gladness!"

"Sikuambii, Mwalimu. Nikiwa nimekosea utanipasua sikio, na nina ng'ombe wa kukamua." Akakata simu.

Hebu fikiria unyama huo. Desemba ikapita. Januari ikaenda. Matokeo yakatoka, simu yangu ikaanza kulia. Huyu kapata, yule kapata, mmoja kakosa tukalia naye kidogo. Mama Gladness, kimya. Namba yake ya mtihani sikuwa nayo. Mwamvita akasema, mpigie basi. Nikasema sipigi. Ukweli niliogopa. Mtu mwenye kicheko kile akifaulu hanyamazi, nikajua tu ameanguka, na nikamfikiria bandani, simu sikioni, anambembeleza bwana mifugo. Moyo uliniuma, sikufichi.

Ijumaa jioni akapiga.

"Mwalimu, kesho uje uchinje."

"Kuna nini?"

"Kuna mbuzi." Akakata.

Nikapanda Mwika na kisu changu, njia nzima natafuta maneno ya kumpoza. Nimefika, hakuna hema wala wageni. Familia tu, na beberu mmoja amefungwa kwenye mgomba. Nikampa Babu Elifuraha shikamoo, nikamtazama Elinipendo usoni, uso umefungwa kama duka siku ya sikukuu. Nikafungua mdomo kuuliza.

"Chinja kwanza," akasema.

Nikachinja. Godbless akachuna, ananyamaza naye, ila niliona mabega yanatikisika. Wakatenga kidari. Elinipendo akakifunga kwenye jani la mgomba, vizuri, polepole, akasimama. Nikamtazama aende nacho chini, kwa Babu. Hakwenda chini. Alikuja moja kwa moja mpaka niliposimama, akapiga goti kidogo, akakiweka mikononi mwangu kwa mikono yake miwili. Kilikuwa bado kina joto.

"Mama, hiki ni cha mkubwa wa nyumba," nikasema. "Mimi si wa ukoo huu."

"Babu ndiye aliyesema," akajibu, na uso ukafunguka wote. "C, Mwalimu. Hesabu nimepata C. Chuo naanza mwaka huuhuu!"

Nililia. Mimi na sauti yangu yote, nililia bila sauti, mikono imeshika nyama, siwezi hata kujipangusa. Godbless ananipiga mgongoni, Gladness anaruka, ng'ombe Faida naye akalia bandani. Babu Elifuraha akanishika bega, akasema, "Aika mbe. Asante, mwanangu."

Nilipopata nguvu nikageuka kuutafuta mfuko wangu, nikitie kidari ndani, nimpelekee Mwamvita.

"Unakwenda wapi nacho?" Babu akaniuliza kwa ukali.

Nikasimama. Kiti chake alikuwa ameshakileta yeye mwenyewe mbele ya nyumba. Akanionyesha kwa fimbo. Gladness akaegesha simu ya baba yake dirishani ipige picha yenyewe, akakimbilia mahali pake, nao wakajipanga, na Babu akaenda kusimama nyuma pamoja na wengine. Nikakaa, kidari mapajani. Nikasikia mkono wa Elinipendo umeshika mgongo wa kiti changu.

"Mwalimu, tulia," akasema. "Sasa ni sisi."